Shule za bweni za Kikatoliki Mtwara na Lindi: matokeo yasome mwenyewe, miradi iulizie ya Desemba

Msimu wa usaili wa kidato cha kwanza ukifika, vipeperushi vya shule za bweni za Kikatoliki huzunguka stendi, parokiani na kwenye magrupu ya simu, kuanzia Mikindani hadi Nachingwea. Karibu vyote vinauza vitu viwili. Cha kwanza ni mafanikio ya wanafunzi: wahitimu wamevaa majoho, chini yao asilimia ya Daraja la Kwanza. Cha pili ni miradi ya jamii: wanafunzi wameshika miche, tenki jipya la maji, safari ya kutembelea wagonjwa. Tathmini hii inapima vitu hivyo viwili tu. Chakula, mabweni na nidhamu vina habari yake, na mzazi huvipata kwa kumuuliza mtoto anayesoma huko.

Tulilolibaini ni hili. Matokeo kwa ujumla ni ya kweli, ila yanaoneshwa kwa upande mmoja. Miradi mingi inaanzishwa vizuri na inafia likizoni. Ipo michache iliyo bora kabisa, na kwa kawaida ndiyo isiyopigwa picha.

Kwanza, unashughulika na nani

Kusini hakuna kampuni moja ya shule za Kikatoliki. Mtwara na Lindi ziko chini ya majimbo matatu: Jimbo la Mtwara la tangu 1972, Jimbo la Lindi, ambalo kabla ya 1986 lilikuwa Jimbo la Nachingwea, na Tunduru-Masasi, lililoundwa mwaka huohuo wa 1986 na kuvuka hadi Ruvuma. Ndani ya majimbo hayo shule moja inaweza kuwa ya jimbo, nyingine ya shirika la watawa, nyingine ni seminari. Ada, utaratibu wa usaili na namna ya kuhesabu fedha hutofautiana kwa mmiliki, si kwa jina la mtakatifu lililo getini. Swali la kwanza kwa mkuu wa shule liwe hili: mmiliki ni nani, na bodi ya shule hukutana mara ngapi kwa mwaka?

Kuna mkanganyo mmoja unaowatesa wazazi wa mbali. Ndanda Sekondari ni ya serikali. Misheni ilianza kusomesha hapo, na hata Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, alipita Ndanda kabla ya kwenda Pugu, lakini shule za misheni zilitaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ya watawa Wabenediktini wa Ndanda ni Abbey. Waliowahi kupeleka fomu ya moja kwenye ofisi ya nyingine si wachache.

Seminari ndogo, kama ya Namupa upande wa Lindi, ziweke kando unapolinganisha. Zinachagua wavulana wachache kwa usaili na kwa wito, zinawalea kwa ratiba ya kanisa, na idadi ya watahiniwa wake ni ndogo. Kuziweka kwenye jedwali moja na shule ya kawaida ya jimbo inayopokea mtoto yeyote mwenye ada ni kuzionea zote mbili.

Daraja la Kwanza lina ngazi ndani yake

Kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Daraja la Kwanza ni pointi 7 hadi 17, la Pili 18 hadi 21, la Tatu 22 hadi 25, la Nne 26 hadi 33, na Sifuri 34 na 35. Kwa hiyo mwenye A saba na mwenye B nne na C tatu wote ni Daraja la Kwanza, ingawa wa pili hana A hata moja na amebakiza pointi moja tu aanguke la Pili. Bango likisema "Daraja la Kwanza 34", uliza wangapi wana pointi 7 hadi 10. Mwalimu wa taaluma mzuri anayo namba hiyo kichwani. Anayeanza kukwepa, mshukuru na ufungue simu.

Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, tafuta shule kwa namba ya kituo, inayoanza na herufi S. Shuka hadi chini ya orodha ya watahiniwa, kwenye jedwali la masomo, ambalo wazazi wengi hawalifikii. Hapo kila somo lina idadi ya walioandikishwa, waliofanya, waliofaulu na wastani wa pointi. Wastani huo ukiwa mdogo ndiyo vizuri: 1 ni A tupu, 5 ni F tupu. Angalia Hisabati kwanza, maana hilo kila mtoto analifanya. Kisha angalia Fizikia na Kemia, na hapo usitazame ufaulu peke yake, tazama waliofanya ni wangapi. Shule yenye watahiniwa 40 na waliofanya Fizikia 11 inaweza kuwa na wastani mtamu wa Fizikia kwa sababu 29 wameelekezwa mlango mwingine tangu kidato cha tatu. Hilo si kosa, lakini kama mwanao anaota uhandisi, jua mlango huo una upana gani.

Halafu kuna hesabu ambayo bango haliwezi kuonesha. Chukua mfano wa kubuni: watahiniwa 40, Daraja la Kwanza 34, la Pili 6, basi. Ni asilimia 85, na shangwe ni halali. Sasa fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya kituo hicho, miaka miwili nyuma: waliofanya ni 63. Watoto 23 wamekwenda wapi? Wapo waliohamishwa na wazazi. Wapo walioshindwa ada, na kwa huku kusini mwaka wa korosho mbaya unatosha kumtoa mtoto bweni. Wapo waliokaririshwa darasa. Na wapo waliochujwa kwa kutofikisha wastani wa shule. Ukigawa 34 kwa 63 unapata asilimia 54. Shule inaweza kuwa na majibu mazuri kwa kila mtoto kati ya hao 23, na kama ipo iliyokuonesha daftari la uhamisho bila kununa, hiyo ipe heshima yake.

Kuhusu mchujo, mzazi ajue mipaka. Kwa utaratibu wa taifa, anayeshindwa upimaji wa kidato cha pili hurudia. Wastani wa 50 au 60 ulioandikwa kwenye fomu ya kujiunga ni masharti ya shule. Yasome kabla ya kusaini, na uliza nini hufanyika kwa anayeyakosa: anapewa masomo ya ziada, anarudia, au anaambiwa atafute shule nyingine mwezi Desemba wakati nafasi zimeisha? Ukweli usiopendeza ni kwamba baadhi ya shule zinazong'ara hung'arishwa na kipengele hicho. Nyingine za ukanda huuhuu zinabeba watoto wote hadi mwisho, zinapata Daraja la Tatu kadhaa, na zinaonekana dhaifu kwenye bango. Kwa macho yetu za pili zinafanya kazi kubwa zaidi.

Usitafute nafasi ya shule kitaifa. Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, na matokeo ya kidato cha nne ya 2022, yaliyotoka Januari 2023, yalitoka bila orodha hiyo. Bango la leo linaloandika "ya 3 kitaifa" limejipa lenyewe au ni la zamani. La zamani hasa utalijua likitaja Distinction na Merit: huo ndio mfumo uliotumika kwa kidato cha nne wa 2014, mwaka uliofuata madaraja yakarudi.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: kuchaguliwa kidato cha tano serikalini kunataka angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini. Mtoto anayefurahia A ya Bible Knowledge na kutegemea hiyo aambiwe mapema.

Meza za maonyesho siku ya mahafali

Siku ya mahafali meza za sayansi hupangwa ukumbini, na nyingine huandaliwa kwa ajili ya mashindano ya Young Scientists Tanzania. Hapa ndipo kiwango hutofautiana kuliko mahali pengine popote. Kuna meza ambayo mwalimu ameijenga na mtoto amekariri, na kuna meza ambayo mtoto ameharibu mara tatu akajua kwa nini. Swali la kuzitenganisha ni rahisi: "Ulipima mara ngapi, na ulilinganisha na nini?" Aliyefanya kazi atakujibu kwa namba kabla hujamaliza kuuliza.

Mradi unaojirudia sana huku ni chujio la mchanga. Mwanafunzi anamimina maji ya tope juu, chini yanatoka meupe, wageni wanapiga makofi. Weupe huo ni nusu ya kazi. Chujio la namna hiyo linasafisha kwa utando wa vijidudu wema unaojijenga juu ya mchanga, na utando huo huchukua wiki mbili hadi nne za kumiminiwa maji kila siku. Maji yanapotulia yanatakiwa yabaki kama sentimita 5 juu ya mchanga. Yakikauka, utando unakufa na unaanza upya. Chujio lililojengwa Alhamisi kwa mahafali ya Jumamosi linatoa maji meupe yasiyo salama. Kosa la pili ni la kwetu pwani: mchanga wa ufukweni, kwa sababu uko karibu na ni bure. Una chumvi na mabaki ya makombe. Unaofaa ni wa mawe yaliyopondwa, au wa mtoni ukichekechwa na kuoshwa hadi maji ya kuoshea yaanze kuwa meupe. Mtoto anayekwambia haya, na kuongeza kwamba hata baada ya hapo maji yachemshwe au yatiwe dawa, huyo amefundishwa sayansi. Zawadi yake hata kama ni daftari, ameistahili.

Mikorosho: mradi unaopendwa na kuharibiwa kuliko yote

Kila shule ina shamba la mikorosho au inalitaka, na ni sawa. Kituo cha utafiti cha Naliendele kiko hapa, miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kitawi cha mti bora, inapatikana, na soko lipo. Shida haiko kwenye wazo.

Anza na nafasi. Mkorosho mkubwa unataka mita 12 kwa 12, yaani kama miti 28 kwa ekari. Kipeperushi kinachojivunia "mikorosho 200 kwenye ekari 2" kinatangaza kasoro yake, labda kama kuna mpango ulioandikwa wa kupunguza miti matawi yakianza kugusana. Bila kupunguza, jua halipenyi, hewa haipiti, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unapata nyumba. Shimo ni sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uwekwe kando na urudishwe chini ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza. Wanafunzi wakichimba kwa adhabu, mashimo hutoka ya sentimita 30, na miche yake inajulikana kwa macho mwaka wa pili.

Kitalu ndipo wanafunzi wanapojifunza vizuri zaidi, na shule chache zinakifanya inavyotakiwa. Mbegu zitiwe ndani ya maji, zinazoelea zitupwe. Zipandwe kwenye viriba upande wa kikonyo, ulioshikana na bibo, ukiwa juu. Mche ukifika unene wa penseli ubebeshwe kitawi cha mti mama unaojulikana. Kosa la kudumu ni kuchelewa: miche inasubiri mgeni rasmi wa kuizindua, mzizi mkuu unatoboa kiriba na kuingia ardhini, siku ya kung'oa unakatika, mche unapandwa ukiwa umeshakufa ila majani hayajapata taarifa.

Na sasa kalenda, ambayo ndiyo kiini cha tathmini hii. Mvua za kusini ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba. Kupanda kunafaa Desemba hadi Januari. Kidato cha nne humaliza mtihani Novemba na kuondoka, wengine hufunga shule mapema Desemba. Yaani wiki ambazo shamba linataka mikono ndizo wiki ambazo bweni ni tupu. Shule nyingi hutatua hilo kwa kupanda Machi, wageni wakiwepo, na mche unapata mvua za wiki chache kisha miezi sita ya kiangazi bila mzizi wa kutosha. Mchwa na mbuzi humalizia. Kwa hiyo ukioneshwa shamba la shule, usiulize lilizinduliwa lini. Uliza nani yuko hapa tarehe 20 Desemba, analipwa na nani, na amwagilie kwa maji gani ikifika Agosti. Shule yenye jibu, mara nyingi ni bruda mmoja au mlinzi aliyeongezewa posho, ina mikorosho hai mwaka wa tatu. Isiyo na jibu itapanda tena mwakani na kupiga picha tena.

Miti ikianza kuzaa, linakuja suala la salfa, dawa ya ubwiriunga. Unga wa salfa hupulizwa maua yanapochomoza, kuanzia Juni, kama gramu 250 kwa mti mkubwa kila mzunguko, mizunguko minne hadi mitano kwa siku 14 hivi kati yake. Ekari mbili zenye miti 56 zinakula kama kilo 70, karibu mifuko mitatu ya kilo 25. Hilo ni gharama ya kuulizia kwenye bajeti. Na wanafunzi wasipulize. Salfa inachoma macho na kifua, na mashine ya kupulizia si kifaa cha mtoto wa miaka 15. Kuokota korosho zilizoanguka na kutenganisha na mabibo ni kazi wanayoiweza. Kupuliza alipwe mtu mwenye barakoa na miwani.

Fedha yake inafuatika kirahisi kuliko mradi mwingine wowote, na hapa mfumo wa stakabadhi ghalani unamsaidia mzazi. Korosho ya shule inapita chama cha msingi cha ushirika kama ya mkulima mwingine, inakwenda mnadani chini ya chama kikuu cha eneo, MAMCU, TANECU, Lindi Mwambao au RUNALI, na malipo yanaingia benki. Kuna karatasi kwa kila kilo. Mkutano wa wazazi wa Januari unaweza kuomba stakabadhi na kuambiwa fedha imekwenda wapi: ada za yatima, madawati, au mfuko usio na jina. Tunashauri mzazi mmoja mkulima wa korosho awekwe kwenye kamati ya shamba. Huyo hadanganyiki kwa kilo.

Maji ya mvua

Tenki la maji ya mvua ndilo zawadi ya kawaida ya wafadhili, na ni zawadi njema inayoelezwa vibaya. Fanya hesabu. Bwalo la mita 10 kwa 30 lina paa la mita za mraba 300. Mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ukitoa inayopotea, inakupa kama lita 216,000. Wanafunzi 400 wakitumia lita 20 kila mmoja ni lita 8,000 kwa siku. Paa zima la mwaka linakwisha siku 27. Na tenki lenyewe kwa kawaida ni la lita 50,000, kwa hiyo likijaa linakupa siku sita. Shule inayosema "tumemaliza tatizo la maji" kwa tenki moja haijafanya hesabu hii. Inayosema "haya ni ya kunywa na jikoni tu, lita 5 kwa mtoto" ina maji ya siku 25 kwa tenki, na ikiwa na matenki matatu imepiga hatua ya maana. Juu ya Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, suala hili ni zito zaidi, kwa sababu maji yako chini sana na kisima kifupi hakiyafikii. Chini ya mteremko, kama Ndanda, chemchemi zinashuka zenyewe. Mradi uleule una thamani tofauti kilomita chache tu mbali.

Tazama mfereji wa bati na bomba la kumwaga maji ya kwanza. Mvua ya kwanza huosha kinyesi cha popo na ndege, majani na vumbi la miezi sita. Milimita moja ya kwanza juu ya paa la mita za mraba 300 ni lita 300 za kumwaga. Na mvua hiyo hunyesha lini? Wakati shule imefungwa. Kama hakuna aliyepewa jukumu la kuzibua mfereji Novemba na kugeuza bomba, uchafu wote umeingia tenkini na wanafunzi wanaukuta Januari. Milipuko ya maradhi ya matumbo ya wiki ya kufungua shule hulaumiwa chakula cha safarini, na mara nyingine chakula hakina hatia.

Kuku na gesi ya samadi tunavipita haraka. Kuku wa shule wanakufa kwa mdondo kwa sababu chanjo ya tone la jicho inayotakiwa kila baada ya miezi mitatu hurukwa likizoni, basi. Gesi ya samadi ni hesabu tu: ng'ombe sita wa zizini wanatoa samadi kama kilo 70 kwa siku, gesi yake inatosha jiko la watu kumi hivi. Itachemsha chai ya walimu. Serikali imezitaka taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kuachana na kuni na mkaa, na mtambo wa ng'ombe sita hautaitoa shule ya watoto 400 kwenye kuni. Uliza kinachofuata baada ya mtambo huo.

Ile isiyopigwa picha

Vijana wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, hufundishwa njia ya ona, amua, tenda, iliyoanzia kwa Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji. Pale inapofuatwa kwa dhati, miradi yake ni midogo na inadumu. Shule zilizo jirani na hospitali ya misheni, kama ilivyo Ndanda na Nyangao, zina nafasi ambayo nyingine hazina: kufua mashuka, kuchota maji, kukaa na mgonjwa asiye na ndugu. Kipimo ni kama ziara ni ya kila mwezi na muuguzi ndiye anayepanga kazi. Ziara ya mara moja kwa mwaka yenye sabuni, sukari na kamera inamchosha mgonjwa.

Ulio bora kuliko yote, kwa thamani ya shilingi, ni wanafunzi wa kidato cha tatu na cha tano kufundisha darasa la saba wa shule ya msingi ya jirani kila Jumamosi. Unahitaji chaki, ubao na mwalimu mmoja wa kusimamia. Hauna likizo ya kuiogopa, kwa sababu mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, kabla bweni halijafungwa. Anayefundisha hesabu za sehemu, kama nusu na robo, kwa mtoto wa miaka 13 analazimika kuzielewa mwenyewe. Na kijiji kinachoizunguka shule kinapata kitu chake, jambo linalopunguza wizi wa mikorosho kuliko uzio wa seng'enge. Shule ikikueleza mradi huu kabla ya tenki na shamba, ongeza alama.

Ada, dini na karatasi

Fedha ya kusini inakuja na korosho, Oktoba hadi Januari. Shule zinazojua watu wake hupokea sehemu kubwa ya ada Januari na kuacha kidogo kwa Julai. Zinazogawa sawasawa kwa awamu nne, kwa kuiga shule za Dar es Salaam, hujikuta zinarudisha watoto nyumbani Agosti na kuwaita wazazi wazembe. Omba ratiba ya malipo kabla ya kuomba punguzo, utafika mbali zaidi. Kwenye fomu ya kujiunga tazama pia vifaa: jembe, fyekeo, ndoo, rimu. Mtoto 1 jembe 1 kwa watoto 100 kila mwaka ni majembe 400 kwa miaka minne. Stoo yenye majembe 30 inahitaji maelezo.

Mtwara na Lindi ni mikoa yenye Waislamu wengi, na shule hizi huwapokea. Usisubiri Ramadhani ifike. Uliza siku ya usaili, kwa upole na wazi: mtoto ataruhusiwa swala ya Ijumaa? Daku na futari vitapikwa? Misa ya asubuhi ni lazima kwa wote? Masomo ya dini yake anaweza kuyafanyia mtihani? Tofauti kati ya shule na shule ni kubwa, na jibu la mdomo la mkuu wa leo halimfungi mkuu wa kesho, kwa hiyo liandikwe.

Hali ni hiyohiyo kwa fedha ya tahadhari inayolipwa mwanzoni na kutakiwa kurudishwa mwanafunzi akihitimu. Wengi huisahau siku ya mahafali. Tunza stakabadhi yake tangu siku ya kwanza, peleka barua ya kuidai kabla ya mtihani wa mwisho, nakala kwa bodi. Isipojibiwa, kwa shule ya jimbo nenda kwa katibu wa elimu wa jimbo, kwa shule ya watawa nenda kwa mkuu wa shirika. Malalamiko ya ufundishaji au ya mchujo yapelekwe pia kwa mthibiti ubora wa shule wa wilaya, ofisi ambayo wazazi wengi huisikia siku ya ukaguzi tu.